Mizizi ya Kilatini, daraja la Kifaransa au kadi za maneno: njia ipi inamfaa mwanafunzi wa Kiingereza wa Lubumbashi?

Mtu mzima wa Lubumbashi anayeamua kujifunza Kiingereza kwa bidii hakwami sana kwenye sarufi. Nyakati za vitenzi alizipitia sekondari, na zile alizozisahau humrudia baada ya majuma machache ya mazoezi. Hukwama kwenye maneno. Iwe ni mkataba wa kazi katika kampuni ya madini, fomu za forodha pale Kasumbalesa, mpakani na Zambia, au makala ya jiolojia ambayo profesa ameagiza isomwe kabla ya Ijumaa, kila ukurasa una maneno ambayo hajawahi kuyaona, na hakuna mwenye subira ya kufungua kamusi mara thelathini kwa ukurasa mmoja.

Njia zinazopendekezwa ni nyingi, lakini tatu ndizo zinazostahili kupimwa kwa uzito. Ya kwanza ni kujifunza mizizi na viambishi vya Kilatini, kwa hoja kwamba mzizi mmoja hufungua maneno mengi kwa mpigo. Ya pili ni kutumia Kifaransa ambacho tayari tunacho, kwa kujifunza kanuni za kutoka neno la Kifaransa kwenda la Kiingereza. Ya tatu ni kuchukua orodha ya maneno yanayotumika zaidi na kuyakariri kwa kadi. Nimezitumia zote tatu katika kufundisha watu wazima, na maoni yangu nayasema mapema ili msomaji ayapime anapoendelea kusoma: kwa mtu mwenye Kifaransa kizuri, mizizi ya Kilatini ni chombo cha hatua ya pili, na thamani yake kubwa iko mahali ambapo Kifaransa kinapotosha.

Kiingereza kina tabaka mbili

Ulinganisho wa haki unataka kwanza tuangalie Kiingereza chenyewe kimejengwaje. Chini kabisa yako maneno ya asili ya Kigermanik, yaliyoletwa Uingereza na Waanglia na Wasaksoni na kuongezewa mengine na Waviking. Hayo ndiyo maneno ya mwili, nyumba, hali ya hewa na kazi za mikono. Baada ya Wanormani kuiteka nchi hiyo mwaka 1066, yaliingia maneno ya Kifaransa ya mahakama, utawala na meza za wakubwa, na karne kadhaa baadaye wasomi wakachota mengine moja kwa moja kutoka Kilatini. Uchunguzi wa Thomas Finkenstaedt na Dieter Wolff uliochapishwa mwaka 1973, ambao ulipitia kwa kompyuta maneno yapatayo 80,000 ya kamusi ya Kiingereza, ulikuta kwamba kiasi cha asilimia 28 yametoka Kilatini, asilimia nyingine 28 Kifaransa, na robo tu ni ya Kigermanik. Asilimia hizo, hata hivyo, ni za kamusi na si za mazungumzo. Ukichukua maneno mia moja yanayotumika zaidi katika Kiingereza cha kila siku, karibu yote ni ya Kigermanik.

Mfano ulio karibu nasi ni karatasi ya usalama ya tindikali ya salfa, ambayo wafanyakazi wengi wa mitambo ya shaba ya Katanga wameiona imebandikwa ukutani. Onyo lake la kwanza husema "Causes severe skin burns and eye damage". Mwenye Kifaransa anatambua mara moja "causes", "severe" na "damage", kwa sababu anajua cause, sévère na dommage. Lakini maneno yanayotaja kinachoungua, yaani "skin", "burns" na "eye", hayatambuliki kwa Kifaransa wala kwa Kilatini. Mstari wa huduma ya kwanza husema "If swallowed: rinse mouth. Do not induce vomiting". Maneno "induce vomiting", ambayo Mwingereza mwenyewe huyahesabu kuwa lugha ya waganga, sisi tunayaelewa bila kamusi kupitia induire na vomir, na "rinse" ni rincer. Lakini "swallowed" na "mouth" yatamkwamisha hata mwalimu wa Kilatini. Mfanyakazi huyo anaelewa kwamba mgonjwa asitapishwe, ila hajui kwamba habari yenyewe ni ya mtu aliyemeza, na kwa hiyo hajaelewa onyo.

Kila njia kati ya hizi tatu inashughulikia sehemu yake ya sentensi kama hizo, na hakuna hata moja inayozishughulikia zote.

Mizizi ya Kilatini

Msemaji wa Kiswahili hahitaji kushawishiwa kwamba maneno yana mizizi. Kutoka -som- tunapata kusoma, somo, msomi, msomaji, usomaji, kusomesha na kusomeka, na mtoto wa miaka sita huyaunda bila kufundishwa. Hii ni faida ya kweli, kwa kuwa wazo la kulichambua neno katika vipande halitutishi. Kuna tofauti kubwa, hata hivyo. Mzizi wa Kiswahili uko hai na maana yake haipotei njiani; mzizi wa Kilatini ndani ya Kiingereza umekauka, na mara nyingi maana yake imehama. Hakuna Mwingereza anayeweza kuchukua kipande "ceive" cha "receive", "deceive" na "conceive" akaunda neno jipya, wala akakueleza kina maana gani.

Kwa sababu hiyo huwa naigawa mizizi katika makundi mawili: ile inayomwezesha msomaji kutabiri maana ya neno asilolijua, na ile inayomwezesha kueleza maana baada ya kuambiwa tu. Katika kundi la kwanza wamo scribere, kuandika, anayetoa "describe", "inscription" na "manuscript". Specere, kutazama, anayetoa "inspect", "spectator" na "respect". Na cavus, neno la Kilatini la kitu chenye uwazi ndani, linalotoa "cavity" na "excavate", ambayo mtu wa migodini hukutana nayo kila juma. Katika kundi la pili wamo capere, kushika, ambaye ndiye "ceive" wa hapo juu, na ferre, kubeba. Ukishajua kwamba "deceive" ni kudanganya, unaweza kujieleza kwamba mdanganyifu "humnasa" mwenzake. Lakini hakuna mtu aliyewahi kufika kwenye maana hiyo kwa kuanzia kwenye kushika. Vivyo hivyo "explosion" imetokana na explodere, ambayo kwa Warumi ilikuwa kumfukuza mwigizaji jukwaani kwa kumpigia makofi. Ni habari ya kupendeza, na haimsaidii kitu mtu anayesoma ratiba ya kulipua mawe.

Katika miaka ya 1940 James I. Brown wa Chuo Kikuu cha Minnesota, nchini Marekani, alichagua maneno 14 yenye viambishi awali 20 na mizizi 14, akasema kwamba ndani yake mna ufunguo wa maneno zaidi ya 14,000 ya kamusi ya kawaida. Dai hilo bado linarudiwa na wauzaji wa kozi za Kiingereza, na hesabu yenyewe sina haja ya kuipinga. Nachopinga ni namna inavyofahamika. Miongoni mwa mizizi hiyo wamo capere na ferre. Kukuta mzizi ndani ya maneno elfu moja si sawa na kuyaelewa maneno hayo elfu moja.

Viambishi awali ni jambo jingine kabisa, na mwenye muda mchache ajifunze hivyo kabla ya mizizi. "Sub" ni chini, "trans" ni kuvuka, "inter" ni kati, "pre" ni kabla, "post" ni baada, "ex" ni kutoka nje, "con" ni pamoja; maana hizi hazihami sana. Zaidi ya hayo, viambishi hivi vinafundisha tahajia. Konsonanti ya mwisho ya kiambishi cha Kilatini hujifananisha na ile inayofuata, hivyo ad huwa ac, af au at, na in huwa im, il au ir. Anayelijua hilo haulizi tena kwa nini "attract", "immediate" na "irregular" zina konsonanti iliyorudiwa, na anaacha kubahatisha.

Wako wasomaji ambao njia hii inawafaa kuliko wengine wote, nao ni wale waliosoma chaguo la Latin-Philo sekondari. Wengi wao hudhani kwamba kile Kilatini walichokikariri kilibaki darasani pamoja na daftari zake. Wakumbuke namna walivyokariri vitenzi kwa sehemu zake kuu: scribo, scribere, scripsi, scriptum, mitto, mittere, misi, missum, traho, trahere, traxi, tractum. Sehemu ya pili na ya nne ndizo Kiingereza kinazozitumia. "Describe" imetoka kwenye ya pili, "description" kwenye ya nne. "Permit" kwenye ya pili, "permission" kwenye ya nne. "Extract" na "extraction" zote kwenye ya nne. Mtu aliyezikariri sehemu hizo kwa orodha ya vitenzi hamsini ana kitu ambacho wanafunzi wa Kiingereza wa nchi nyingine hulipia, na kinachobaki ni kukaa na daftari na kuandika mbele ya kila kitenzi watoto wake wa Kiingereza.

Daraja la Kifaransa

Kwa wengine sote, Kilatini tunacho tayari, kimevaa Kifaransa. Jambo ambalo wengi hawajafundishwa ni kwamba mabadiliko kati ya Kifaransa na Kiingereza yana utaratibu, na utaratibu huo unaweza kujifunzwa kwa majuma machache. Viishio ndivyo rahisi: sécurité na "security", inspecteur na "inspector", nécessaire na "necessary", dangereux na "dangerous". Kisha kuna herufi zilizomezwa. Alama ya kofia katika hôpital, forêt na honnête mara nyingi inaonyesha s iliyopotea, na Kiingereza kimeihifadhi: "hospital", "forest", "honest". É ya mwanzo hufanya hivyohivyo: état ni "state", étude ni "study", éponge ni "sponge". G au gu ya Kifaransa wakati mwingine ni w ya Kiingereza, kama guerre na "war", au garantie na "warranty", neno linaloonekana kwenye kila hati ya mashine mpya.

Vitenzi vina utaratibu wao, na hapa ndipo utajiri mkubwa ulipo. Vile vya -duire huwa "-duce": produire, réduire na introduire huzaa "produce", "reduce" na "introduce". Vile vya -cevoir huwa "-ceive", vile vya -mettre huwa "-mit", vile vya -primer huwa "-press", vile vya -traire huwa "-tract", vile vya -struire huwa "-struct". Kanuni sita hizi peke yake humpa mtu vitenzi zaidi ya ishirini vya ripoti na mikataba, pamoja na nomino zake. Ningemwomba kila mwalimu wa Kiingereza wa mji huu azifundishe katika mwezi wa kwanza wa kozi, kwa sababu zinamwonyesha mwanafunzi kwamba haanzi na mikono mitupu.

Daraja hili lina hatari mbili. Ya kwanza inajulikana: maneno yanayofanana kwa sura na kuachana kwa maana. "Actually" si sasa, ni kwa kweli. "Eventually" si labda, ni hatimaye. "Library" haiuzi vitabu. "Location" ni mahali na si upangishaji. "Conductor" wa basi si dereva. Katika barua za kuomba kazi nakutana mara kwa mara na "stage" likiwa na maana ya mafunzo kazini, na "formation" likiwa na maana ya kozi, na mwajiri wa Afrika Kusini au wa Zambia anayesoma barua hiyo haelewi mwombaji alifanya nini jukwaani. Maneno ya namna hii yanayotumika mara kwa mara hayazidi mia moja kwa makadirio yangu, na dawa yake ni kuyaandika yote ukurasa mmoja na kuyakariri kwa makusudi.

Hatari ya pili haitajwi sana, nami naiona kuwa kubwa zaidi. Daraja la Kifaransa hukufikisha kila mara kwenye tabaka la juu la Kiingereza. Mwenye kulitegemea atasema "commence" mahali watu husema "begin", "purchase" mahali watu husema "buy", "descend" mahali watu husema "get down". Atasomeka kama hati ya notari. Kibaya zaidi, hatawaelewa wenzake, kwa kuwa msimamizi kwenye eneo la kazi hatamki "descend" wala "extinguish". Anapaza sauti "get down", "switch it off", "stand back". Vitenzi hivi vya maneno mawili mawili havina mlango upande wa Kifaransa, na kwenye mgodi ndivyo vinavyookoa mkono wa mtu.

Pale Kilatini na Kifaransa vinapogombana

Hapa ndipo ninapokipa Kilatini haki yake. Kifaransa kinasema inhabité kwa mahali pasipo watu; Kiingereza kinasema "inhabited" kwa mahali penye watu. Anayejua Kifaransa pekee ataielewa ramani kinyume. Anayejua kwamba Kilatini kilikuwa na in mbili, moja ya kukanusha na nyingine ya kuingia ndani, ataona kwamba Kiingereza kimefuata inhabitare, kukaa ndani ya mahali, na kwamba pasipo watu ni "uninhabited". Décevoir ni kumkatisha mtu tamaa, lakini "deceive" imebaki karibu na decipere ya Warumi, yaani kudanganya.

Lililo nyeti kuliko yote ni "inflammable". Kwa Kiingereza, kama kwa Kifaransa, maana yake ni kwamba kitu kinashika moto kwa urahisi, kwa sababu in yake ni ile ya kuingia. Lakini wasemaji wengi wa Kiingereza wenyewe huisikia kama ya kukanusha, na ndiyo maana wataalamu wa usalama wamependelea "flammable", ambayo ina maana ileile hasa. Mfanyakazi anayeona "flammable" kwenye pipa moja na "inflammable" kwenye jingine, akidhani la pili ni salama, yuko hatarini. Kisichoshika moto kwa urahisi huandikwa "non-flammable".

Kilatini nacho kina mitego yake mbele ya Kigiriki. "Pedestrian" ni mtu wa miguu, kwa ped ya Kilatini, lakini "pediatric" ni habari ya watoto, kwa neno la Kigiriki. Kifaransa, kwa bahati njema, kinatukinga hapa, kwa sababu hakuna mzazi asiyejua pédiatre.

Kadi za maneno

Njia hii haina uzuri wowote wa kuelezea, na ndiyo pekee inayofikia tabaka la chini. Orodha za maneno yatumikayo zaidi zipo tangu zamani; ile ya Michael West ya mwaka 1953 ina maneno ya msingi yapatayo 2,000. Utaratibu wa kuyakariri ni ule wa Sebastian Leitner wa mwaka 1972: kadi zinagawanywa katika visanduku, neno ulilolijua linasogea kwenye kisanduku kinachorudiwa kwa nadra, na neno ulilolikosa linarudi kwenye kile cha kila siku. Programu ya Anki hufanya kazi hiyohiyo kwenye simu bila malipo kwa wenye Android. Mimi bado napendelea kadi za karatasi, kwa sababu umeme ukikatika jioni kadi hazizimiki, na kwa sababu mkono unaoandika "swallow" na kuchora koo nyuma yake hausahau upesi.

Sharti ni moja: usiweke kwenye kadi neno ambalo Kifaransa kinakupa bure. Kukariri "information" au "transport" ni kupoteza karatasi.

Nani achague nini

Dereva wa lori anayevuka Kasumbalesa, au mfanyabiashara anayefuata bidhaa Ndola na Lusaka, aanze na kadi na abaki nazo muda mrefu. Mahitaji yake ni bei, njia, matairi, saa na mabishano, na hayo yote yako tabaka la chini. Kilatini hakimhusu.

Fundi au mhandisi mwenye Kifaransa cha kazi aende na daraja na kadi kwa pamoja: kanuni za viishio na vitenzi asubuhi, vitenzi vya maneno mawili mawili jioni. Viambishi awali aviongeze baada ya miezi michache, kwa kutumia maneno ya karatasi anazozisoma kazini badala ya orodha za vitabuni.

Mwanafunzi wa chuo kikuu ndiye ambaye Kilatini kinamlipa vizuri zaidi. Orodha ya maneno ya kitaaluma iliyotolewa na Averil Coxhead wa New Zealand mwaka 2000 ina jamii 570 za maneno, na sehemu kubwa sana ya jamii hizo asili yake ni Kilatini au Kigiriki. Kwa Kifaransa chake atazitambua nyingi. Kwa mizizi ataweza kuzitofautisha, na pia kuziandika sawasawa, maana Kiingereza mara nyingi hushika irabu ya Kilatini ambayo Kifaransa kimeibadili: "independent" na "correspondence" zina e mahali indépendant na correspondance zina a.

Wako pia wengi katika mji huu ambao Kifaransa chao ni kidogo, kwa sababu waliacha shule mapema au walikulia kwenye Kiswahili cha mtaani tu. Kuwaambia wapitie daraja la Kifaransa ni kuwapa lugha mbili za kujifunza badala ya moja, na kuwapa mizizi ya Kilatini ni kuwapa tatu. Hao waanze na maneno 2,000 ya kadi kutoka Kiswahili moja kwa moja kwenda Kiingereza, wakiyasema kwa sauti mbele ya mtu anayekijua, kwani hata kutamka kuna kazi yake: Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, Kifaransa hukaza ya mwisho, na "hospital" hukazwa mwanzoni. Viambishi awali vitawajia baadaye, wakishakuwa na maneno ya kuvipachika.